Harufu ya Namba Kumi na Saba

Bakuli lilipitishwa kwenye kidirisha, na Nakhumicha akalipokea kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na maharagwe kama vijiko vitatu na supu kidogo. Ubavuni palibandikwa tarakimu tatu tu, 482, kwa sababu mwonjaji hatakiwi kujua anaonja mbegu gani. Taa ya kile kijichumba cha mbao ilikuwa nyekundu, ili rangi ya maharagwe isimdanganye mtu. Aliinamisha uso juu ya mvuke, akavuta pumzi polepole kama alivyowafundisha wenzake, akangoja.

Hakusikia kitu. Mvuke ulimwingia puani ukiwa joto tupu, kama mvuke wa maji ya kuoga.

Alichukua kalamu. Mstari wa kwanza wa fomu uliuliza juu ya harufu, kuanzia moja hadi tisa. Akaandika saba. Akafuta, akaandika sita. Kisha akairudisha saba, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiiandika mara nyingi alipokuwa mzima, na saba haimshtui mtu.

Ilikuwa Jumatatu ya katikati ya Julai. Hiki kilikuwa kikao chake cha nne tangu pua yake ife, na hakuna aliyejua.

Nakhumicha alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Baba yake alitoka Bungoma akiwa kijana kuja kufanya kazi ya reli, akabaki Nakuru, na watoto wake wote wakazaliwa katika nyumba za reli. Yeye aliolewa na Elphas, fundi wa mashine za kusaga, wakahamia Rongai, na huko akafungua hoteli ndogo karibu na maghala ya nafaka. Wateja wake walikuwa wapakiaji wa magunia, watu wanaobeba maharagwe mchana kutwa na hawawezi kudanganywa kuhusu maharagwe. Walikula kwake kwa sababu hakuweka magadi ili kuyalainisha. Alijua magadi hufanya supu iteleze kama sabuni na kuua uzuri wote uliomo ndani. Yeye alichagua maharagwe mazuri tangu gunia. Alikuwa akichota kiganja kimoja, akiyapulizia pumzi ya moto, kisha akiyanusa.

"Haya yamelala misimu miwili," alikuwa akimwambia mfanyabiashara. "Nitachoma makaa mpaka nichoke na bado yatagonga kwa sahani."

Habari zake zilimfikia Daktari Chepchirchir, mtafiti wa maharagwe katika kituo kimoja cha utafiti kilichoko juu ya mji wa Njoro, kwenye barabara ya kupanda Mau Narok. Siku moja alikuja hotelini na viganja vinne vya maharagwe yaliyochemshwa bila chumvi, kila kimoja katika mfuko wake. Nakhumicha alivitaja vyote akiwa amefumba macho: rosikoko, wairimu, mwitemania, na yale ya njano ambayo watu huyapenda kwa sababu hayajazi tumbo gesi. Juu ya rosikoko akaongeza kwamba ilivunwa ikiwa imenyeshewa. Daktari alienda kuuliza, akakuta ni kweli. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu siku hiyo, na kwa miaka yote tisa Nakhumicha alikuwa mmoja wa waonjaji wanane wa kituo.

Kazi yenyewe ni ya maana kuliko inavyosikika. Mbegu inaweza kuzaa magunia mengi na kustahimili ukungu na ukame, lakini mama akiipika nusu ya siku haijaiva, au ikitoa supu nyepesi kama maji ya kunawa, hataipanda tena. Mbegu inayokataliwa jikoni imekufa, hata kama imesifiwa shambani. Ndiyo maana watu wenye digrii tatu tatu walikuwa wakinyamaza Nakhumicha alipoinua kijiko.

Kisha Novemba iliyopita alishikwa na homa, akalala wiki nzima. Alipoamka, chai ilikuwa maji ya moto yenye sukari. Ulimi ulirudi. Chumvi aliisikia, uchungu aliusikia. Pua haikurudi. Kwenye kliniki aliambiwa huenda ikarudi baada ya miezi, na huenda isirudi. Hakumwambia Elphas. Hotelini alimwambia Akoth, mwanamke aliyemwajiri, "Onja hiyo, mimi nimeshiba," na Akoth akaonja bila kuuliza. Kituoni alijitetea kimoyomoyo kwamba meno yake bado yalikuwa hodari. Aliweza kujua kwa meno kama ganda linabaki kwenye kaakaa, kama kiini kina chenga, kama harage limeiva sawasawa au limepasuka nje na kubaki gumu ndani. Yote hayo aliyaandika kwa haki. Ni ule mstari wa kwanza tu aliokuwa akiujaza kwa kubahatisha.

Na wiki ile haikuwa wiki ya kubahatisha. Walikuwa wakionja Namba Kumi na Saba.

Daktari Chepchirchir alikuwa ameilea mbegu hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Rosikoko bila kulowekwa huchukua saa mbili na zaidi, na kule Mau Narok, mahali pa juu ambako maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, huchukua hata zaidi. Namba Kumi na Saba iliiva kwa dakika hamsini. Madini ya chuma ndani yake yalikaribia mara mbili ya yale ya rosikoko. Daktari alikuwa na dada yake aliyejifungua akiwa karibu hana damu mwilini, akaponea chupuchupu, na kila alipoeleza habari ya chuma sauti yake ilibadilika kidogo. Ijumaa ya wiki hiyo kamati ya kuidhinisha mbegu ingekaa katika ukumbi mmoja mjini Nakuru. Ripoti ya waonjaji ilikuwa karatasi ya mwisho iliyosalia.

Jumatano waonjaji wote wanane waliketi kuzunguka meza moja ili kukubaliana maneno. Safari hii maharagwe yalitoka kwenye gunia lililohifadhiwa miezi minane, kama watu wanavyohifadhi nyumbani. Walionja, wakasema ni tamu, ni laini, supu ni nzito. Daktari aliandika haraka. Mabakuli yalibaki mezani wakati watu wakiongea juu ya ganda.

Mwalimu Hezekiah ndiye aliyesimamisha mambo. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka upande wa Njoro, mtu anayekula polepole na kuongea polepole zaidi. Bakuli lake lilikuwa bado nusu. Alilinusa, akaliweka chini, akalinusa tena.

"Daktari," alisema, "hii ikipoa inanuka."

"Inanuka nini, Mwalimu?"

"Rangi. Ile ya kupaka madirisha. Ikiwa moto sikuisikia. Sasa naisikia."

Daktari aliinua bakuli lake mwenyewe, akanusa kwa muda. "Mimi nina mafua tangu juzi," akasema. "Wengine mnasemaje?"

Mabakuli yalipandishwa puani. Wengine walikuwa wamemaliza yao. Wawili walisema labda, kitu kidogo, hawana hakika. Mmoja alisema ni madirisha yenyewe ya chumba, yalipakwa rangi mwezi uliopita. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wote wakamgeukia Nakhumicha.

"Mama Quincy," Daktari alisema, akimwita kwa jina la kifungua mimba wake kama alivyozoea, "wewe ndiye unajua hii kazi kuliko sisi sote. Unasikia nini?"

Nakhumicha aliinua bakuli. Aliona midomo ya Daktari imebana, na kalamu imesimama juu ya karatasi. Alivuta pumzi mara moja, mara mbili, akiomba apate hata uzi wa harufu, yoyote. Palikuwa kimya puani kama chumba kilichohamwa. Angesema anasikia rangi, angeweza kuua kazi ya miaka kumi na mmoja kwa uongo. Angesema hajui, wangemuuliza tangu lini hajui.

"Mimi sisikii kitu, Daktari," alisema.

Kila neno lilikuwa la kweli, na yeye mwenyewe alijua kwamba amedanganya.

Wale wawili waliosema labda walitikisa kichwa wakakubali kwamba hata wao hawakusikia. Mwalimu Hezekiah alimtazama Nakhumicha kwa muda, bila hasira, kama mtu anayehakikisha jibu la hesabu aliyokuwa ameifanya vizuri. Kisha akasukuma bakuli mbele.

"Basi ni pua ya uzee," alisema. "Futa yangu, Daktari."

Daktari alifuta. Walipokuwa wakiondoka, kila mmoja alipewa kilo moja ya Namba Kumi na Saba kutoka gunia lile lile, akaipike kwake.

Jioni hiyo Nakhumicha aliipika. Iliiva upesi kama walivyosema, akaikaanga na kitunguu na nyanya, na Elphas akaila ikiwa moto na chapati mbili, akasema ni nzuri. Nakhumicha akatulia kidogo. Yaliyobaki alimfungashia kwenye mkebe wake wa chakula, aende nayo kazini kesho yake, kama ambavyo nyumba nyingi hufanya. Maharagwe huchemshwa mara moja yakaliwa siku tatu.

Alhamisi saa saba mchana Elphas alitokea hotelini, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alipita nyuma, jikoni, ambako Nakhumicha alikuwa peke yake akikanda unga. Aliweka mkebe juu ya meza. Ulikuwa umejaa.

Kwa miaka ishirini na sita ya ndoa Elphas hakuwahi kurudisha chakula. Alikula ugali ulioungua, alikula sukuma wiki iliyozidi chumvi, akashukuru.

"Mama Quincy, sitaki kukukosea," alisema. "Lakini haya maharagwe uliyaweka karibu na nini? Yananuka kama tina ya kuzimulia rangi. Vijana wa mashine wameniuliza kama nimebeba rangi."

Mikono yake ilisimama kwenye unga. "Labda ni mkebe."

"Mkebe niliuosha mwenyewe jana. Nusa."

Alipangusa mikono kwenye aproni, polepole kuliko ilivyohitajika. Aliufungua mkebe, akainamisha uso. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinua kichwa, Elphas alikuwa akimwangalia, si mkebe.

"Husikii," alisema.

Nakhumicha akaufunika mkebe.

"Juzi asubuhi nilipata gesi imefunguliwa nyumbani, haijawashwa. Ulikuwa umeketi hapo hapo unachambua mchele. Nilifungua dirisha nikanyamaza, nikasema umechoka. Maziwa yameungua mara ngapi mwezi huu? Tangu lini, mama?"

"Tangu ile homa."

"Hiyo ni Novemba."

"Ndio."

"Na kule kwa Daktari unaenda kufanya nini?"

Hapo ndipo alipoketi kwenye gunia la unga na kumweleza yote, kuanzia namba alizoandika kwa kubahatisha mpaka Mwalimu Hezekiah kuambiwa mbele ya watu kwamba hakuna kitu. Hakulia. Aliongea kwa sauti ya chini ili Akoth asisikie kutoka mbele. "Nikiwaambia," alisema, "mimi nabaki nani? Hapa mimi ni mama wa chapati. Kule nilikuwa naulizwa."

Elphas hakumlaumu, wala hakumfariji. Alikuwa fundi, na alifikiri kama fundi. "Kamati inakaa lini?"

"Kesho saa nne."

"Na watu wakipewa hii mbegu, wapande, wavune, waweke kwa gunia, waje wagundue inanuka ikilala?"

"Watamwagia ng'ombe. Na hawatachukua nyingine ya chuma wakiletewa. Watasema ni zile zile za kunuka."

"Basi mpigie simu."

Alipiga. Simu ilikuwa imezimwa. Alipiga tena saa nane, saa tisa na saa kumi na moja. Kituoni waliambiwa Daktari yuko mjini akijiandaa kwa ajili ya kesho. Nakhumicha aliandika ujumbe, akausoma, akaufuta. Lile halikuwa jambo la kuandikwa.

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi walikuwa Milimani, Nakuru, mbele ya lango la Daktari Chepchirchir. Nakhumicha aliijua nyumba hiyo, aliwahi kupika hapo siku mtoto wa Daktari alipomaliza masomo. Miti ilikuwa bado inadondosha umande. Mlinzi alimtambua, lakini alisita.

"Mathe, daktari anajitayarisha. Ako na mkutano kubwa leo."

"Ni kuhusu huo mkutano. Mwambie ni Mama Quincy wa Rongai, na siwezi kungoja."

Elphas alibaki langoni. Mwenyewe aliomba abaki, alisema neno hilo ni la mke wake na kazi yake.

Daktari alimpokea jikoni akiwa amevaa suti ya bluu, karatasi zimetandazwa kando ya kikombe cha chai. Mafua yalikuwa yamemwisha, macho yake yaling'aa. Alidhani amekuja kumwombea heri. Nakhumicha aliweka mkebe juu ya meza, akaufungua, akarudi nyuma hatua moja.

Daktari alinusa. Uso wake haukubadilika mara moja. Aliusogeza mkebe mbali kwa kidole kimoja.

"Hii ni mkebe gani umetumia?"

"Ni mkebe wa chakula. Umeoshwa. Baba Quincy aliyala moto juzi jioni, hakusikia kitu. Jana mchana, yakiwa yamepoa, akashindwa."

"Jikoni kwako kuna mafuta ya taa?"

"Hakuna, Daktari."

"Na rangi?"

"Hakuna." Alielekeza macho kwenye friji. "Wewe pia ulibeba kilo. Kama ulipika, yako mahali."

Daktari akafungua friji, akatoa bakuli lililofunikwa kwa sahani. Nyumbani kwake walikuwa wameyala Jumatano yakiwa moto, na hakuna aliyeyagusa tena. Aliondoa sahani. Alipoinamisha uso aliuinua haraka, kama mtu aliyechomwa.

Akaliweka kando ya mkebe.

"Mwalimu alisema," Daktari alinong'ona. "Mwalimu alisema, nikakuuliza wewe."

"Ndiyo hiyo nimekuja kusema. Mwalimu alisikia. Mimi sikusikia kwa sababu sisikii. Pua yangu ilikufa na ile homa ya Novemba. Nilikuficha."

"Vikao vingapi?"

"Vinne, na hiki cha Jumatano."

Daktari aliketi. Aliivuta ile ripoti, akafungua ukurasa, na kidole chake kikashuka kwenye safu ya namba. Nakhumicha aliona saba zake zimepangwa pale, saba, saba, sita, saba, zikiwa zimechapwa vizuri kama za watu wengine.

"Unajua nimeandika nini hapa?" Daktari aliuliza bila kupandisha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angefoka. "Nimeandika ya kwamba mwonjaji mwenye tajriba kubwa hakupata kasoro ya harufu. Si jina lako nimeandika. Lakini ni wewe. Niliegemea wewe."

"Najua."

"Hujui. Saa tatu na kitu zimebaki niingie pale ndani. Ungeniambia Novemba ningekupa likizo, ningetafuta mtu. Ungeniambia Jumatano, tungekaa na mabakuli mpaka yapoe. Miaka kumi na mmoja, Mama Quincy."

"Pole, Daktari."

"Usiniambie pole sasa." Alikunja ripoti. "Nenda nyumbani. Acha mkebe."

Nakhumicha alitoka. Hakuulizwa chochote na Elphas, wakashuka mlima kwa miguu hadi mjini. Daktari hakuwa amesema atafanya nini. Angeweza kufunika lile bakuli, akavaa viatu, akaenda kusoma ripoti kama ilivyokuwa. Harufu yenyewe ilihitaji miezi minane ya gunia na usiku mmoja wa kupoa ili ijulikane. Hakuna mtu kwenye kamati ambaye angeijua siku hiyo.

Alirudi hotelini akafanya kazi kama kawaida. Saa nne ilipofika alikuwa akikata vitunguu, akaacha, akaketi. Saa tano alimwambia Akoth ukweli, kwa sababu hakuweza tena kubuni sababu za kutoonja. Akoth alimsikiliza, akasema tu, "Nilijua kuna kitu. Uliniacha niweke bizari mara mbili siku ile na hukusema." Kisha akaenda kuhudumia wapakiaji. Saa sita ilipita. Saa saba. Alikuwa akiiangalia simu iliyolazwa kando ya sinia la chapati, ikijaa unga.

Ujumbe uliingia saa tisa kasorobo. Ulikuwa mfupi, bila salamu: Nimeiondoa kwenye orodha. Nimewaeleza sababu. Usije kituoni mpaka nikuite.

Aliusoma mara nyingi. Hakufurahi. Alihisi tu kwamba mgongo wake, uliokuwa umekaza tangu Jumatano, umeachia, na kwamba sasa unauma.

Hakuitwa. Mwezi wa nane barua ilikuja ikisema kituo kinamshukuru kwa miaka tisa na kwamba nafasi yake imejazwa. Majibu yake ya vikao vile yaliondolewa kwenye hesabu zote, na kazi ya mbegu nyingine mbili ikabidi irudiwe. Daktari alipiga simu mara moja, wiki tatu baadaye, akamwuliza mambo mawili makavu: nyumba za Rongai huhifadhi maharagwe yaliyochemshwa kwa muda gani, na huyaweka wapi. Nakhumicha akamweleza, siku mbili mpaka tatu, kwenye sufuria yenye kifuniko, na kila siku yanakaangwa kiasi. Daktari alisema asante, akakata. Baadaye alisikia kwamba waonjaji sasa wanapewa kila mbegu mara mbili, ikiwa moto na ikiwa imelala. Gunia la Namba Kumi na Saba lilikuwa limefanyiwa uchunguzi, ikajulikana kuwa mafuta yaliyo ndani ya harage lenyewe huharibika likikaa kwenye joto. Daktari alikuwa ameanza kuizalisha upya na mbegu nyingine ili kuitoa kasoro hiyo. Ingechukua misimu minne, au sita.

Kwa Mwalimu Hezekiah ilimchukua wiki sita kupata miguu ya kwenda. Alimkuta shambani kwake nyuma ya nyumba, Jumapili mchana, akipura maharagwe kwa fimbo juu ya turubai. Vumbi la maganda lilikuwa limemkaa kwenye nyusi. Alimwona akija, hakuacha kupiga.

"Mwalimu, nimekuja kukuomba msamaha."

"Daktari aliniambia." Fimbo ilishuka, ikapanda. "Unajua siku ile nilifika hapa nikamwambia mke wangu asinipe tena kuonja chumvi? Nilimwambia pua yangu imeisha."

"Najua nilikuaibisha mbele ya watu."

"Aibu si kitu, nimefundisha darasa la nane miaka thelathini." Aliisimamisha fimbo, akapumua. "Mimi nilisikia ile harufu, mama. Niliisikia wazi kabisa. Halafu wewe ukasema hapana, nikanusa tena, na haikuwepo. Nilikuamini wewe mpaka pua yangu mwenyewe ikakubali. Hiyo ndiyo inaniudhi."

Nakhumicha alisimama pembeni ya turubai akiwa amevaa nguo zake za kanisani na kofia. Upepo ulitoka upande wa juu na kupeperusha maganda makavu kati yao.

Mwalimu alimtazama, kisha akaelekeza fimbo kwenye ungo uliokuwa umeegemezwa ukutani.

Nakhumicha akavua viatu, akauchukua ungo, akachota maharagwe na maganda yake, akaanza kupepeta. Mwalimu alipura, yeye akapepeta, punje zikaanguka kwenye beseni na maganda yakaruka kwenye nyasi, mpaka turubai likabaki na vumbi tu na mabega yakawauma wote wawili. Mke wa Mwalimu alileta chai, akawaangalia kwa zamu, akarudi ndani.

Alipokuwa akivaa viatu vyake ili aondoke, Mwalimu Hezekiah alikuwa akifunga mdomo wa gunia. Hakusema amemsamehe.

"Upande ule wa chini bado haujang'olewa," alisema. "Jumapili ijayo kuja na leso ya kichwa. Hii vumbi si ya kofia ya kanisa."